Sauti Ipandayo na Mwendo

Dereva mmoja wa Unguja, mtoto wa malenga, alikuwa na desturi ambayo hakumwambia mtu. Kila alipokuwa na wageni wa kuchukua Nungwi, aliondoka mjini peke yake baada ya sala ya alfajiri, gari tupu, vioo vimeshushwa. Akifika Mtoni aliisukuma sahani ndani ya redio, na babake akaanza kusoma.

Utenzi huo una beti 68. Ulinaswa katika kaseti wakati wa masika ya mwaka 1994, katika nyumba ya Kikwajuni ambako mzee alikuwa na cherehani yake barazani. Kwa mahadhi aliyoyachagua, beti moja huchukua takriban nusu dakika kasoro kidogo, na utenzi mzima ukajaza upande mmoja wa kaseti ya saa moja bila kubakisha nafasi ya salamu. Ni utenzi wa wasia, wa namna ambayo wazee wa pwani wameiandika kwa karne nyingi: mtoto afunzwe adabu, jirani, deni, ulimi, na safari. Lakini beti tatu za mwisho si za kila mtoto. Zinamsemesha mmoja, aliyekuwa Muscat kwa kazi, ambaye barua zake zilikuwa zimeanza kuwa chache. Mshororo wa mwisho kabisa unaanza kwa neno “njoo”.

Kaseti ilitumwa Muscat kwa mkono wa msafiri na haikufika. Nakala ya pili ilibaki kwa binti mkubwa, aliyeolewa Wete. Mzee alifariki mwaka 1999. Mwanawe alirejea miaka minne baadaye. Ilipofika mwaka 2011 ndipo dada alipoipeleka kaseti dukani Darajani, ikahamishiwa kwenye sahani, na ndugu yake akaisikia kwa mara ya kwanza. Hakuisikiliza nyumbani. Hakutaka kulia mbele ya watoto. Aliisikiliza garini, njia ya Nungwi, na ilimpa jambo la kumkaa kifuani miaka mitano: babake alikuwa amemkaripia. Wasia mzima ulisomwa kwa upole, lakini zilipofika zile beti tatu, sauti ilipanda. “Njoo” ya mwisho ilitoka kama anavyoitwa mtoto aliyevunja chungu.

Mwaka 2016 dada alivuka kutoka Pemba kuja harusini Mkwajuni. Nduguye alimpokea bandarini Malindi, na kwa kuwa walikuwa wawili tu, aliitia sahani. Darajani walikwama baina ya mikokoteni na pikipiki, na dada akalalamika kwamba hasikii. Mtoni akasikia. Bububu akawa anasoma pamoja na babake, midomo ikicheza. Walipopita Mahonda na njia kufunguka baina ya miwa, aligeuka.

“Mdogo wangu, punguza. Unaikazia ya nini?”

“Sijaigusa, Dada.”

Naye kweli alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Namba kwenye kioo cha redio ilikuwa 18, kama ilivyokuwa bandarini.

“Baba hakusoma hivi,” dada alisema. “Nilikuwapo. Hapa alinong’ona.”

Wakabishana, kama wabishanavyo ndugu juu ya marehemu, kila mmoja akiwa na ushahidi masikioni mwake. Karibu na Kinyasini aliegesha gari chini ya mwembe ili airudishe sahani nyuma. Gari lilipopunguza mwendo, sauti ya mzee nayo ilipungua. Liliposimama, ikawa ya mtu azungumzaye chumbani. Hakuna mkono ulioigusa redio. Wote wawili walinyamaza, na si uongo kusema kwamba dada alisoma kitu kidogo chini ya pumzi kabla hajasema neno jingine.

Hapakuwa na jini. Palikuwa na waya mmoja.

Katika magari mengi ya leo, redio haikai pweke. Hupewa habari za mwendo. Kwenye mtambo wa gia kuna kihisio ambacho hupiga pigo moja la umeme kila sehemu ya mzunguko inapotimia, na mapigo hayo ndiyo yanayousukuma mshale wa mwendo mbele ya dereva. Kwa kipimo cha zamani cha magari ya Japani, waya wa kuonesha mwendo huzunguka mara 637 kwa kila kilomita. Ukiwa na mapigo 4 kwa mzunguko mmoja, kilomita moja ni mapigo 2,548. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, redio husikia mapigo kama 42 kwa sekunde. Huyahesabu, ikajua kwamba mwendo umepanda, ikaongeza sauti kidogo kidogo, na mwendo ukishuka ikaiteremsha. Namba iliyo kwenye kioo, katika redio nyingi, haibadiliki hata kidogo, kwa sababu namba hiyo ni ya mkono wa mtu, ilhali nyongeza ni siri ya mashine. Wajerumani huuita utaratibu huu GALA, kifupi cha maneno yao marefu yenye maana ya kulinganisha sauti na mwendo. Watengenezaji wengine wana vifupi vyao. Aghalabu dereva hupewa daraja tatu za kuchagua, ya chini, ya kati na ya juu, na ya nne ya kuuzima kabisa. Lakini anayenunua gari lililokwishatumika, lenye orodha ya maagizo kwa Kijapani na bila kitabu chake, hununua pamoja nalo uchaguzi wa mtu asiyemjua aliyeliendesha mahali asipopajua.

Magari hayo huja na mambo yao mengine. Wenye magari wa Afrika ya Mashariki wanajua kwamba redio iliyotengenezwa kwa soko la Japani ilianzia megahezi 76 na kuishia 90, ilhali stesheni nyingi za huku ziko juu ya hapo, hata mtu akanunua kidude cha kuyashusha masafa au akaridhika na sahani zake. Dereva huyu aliridhika na sahani. Hivyo ndivyo babake alivyopata nafasi.

Kwa nini gari lipandishe sauti? Kwa sababu kelele ya safari hupanda. Gari likitambaa, injini ndiyo isikikayo. Kuanzia kilomita 40 au 50 kwa saa, mpira unaosagana na lami huishinda injini. Na mwendo ukizidi sana, upepo unaopasuka kwenye kioo na vioo vya pembeni huja juu ya vyote. Kelele hizo nyingi ni za sauti nzito, na sauti nzito huzifunika nyepesi kwa wepesi zaidi kuliko nyepesi kuzifunika nzito. Kwa ajili hiyo mitambo iliyo bora haiongezi nguvu tu bali huongeza pia besi. Hesabu yenyewe ni ya desibeli, na desibeli si shilingi: kuongeza 3 ni kuzidisha nguvu ya spika mara mbili, kuongeza 10 ni kuizidisha mara kumi, lakini sikio la mtu huihesabu hiyo kumi kama maradufu tu. Ndiyo sababu redio iliyokuwa ya kiasi barabarani huwa kishindo mtu anapozima injini mlangoni kwake usiku wa manane na kuamsha majirani. Waliobuni utaratibu huu walitaka kumwondolea dereva aibu hiyo, na kumwondolea haja ya kupeleka mkono kwenye kitufe kila anapobadili mwendo. Ni nia njema, na lazima isemwe hivyo.

Hapo mwanzo tatizo lilikuwa kubwa zaidi. Redio ya Motorola, iliyoletwa sokoni Marekani mwaka 1930 na kampuni ya Paul Galvin wa Chicago, ililazimika kupigana na cheche za injini yenyewe zilizokuwa zikikwaruza ndani ya spika kabla hata ya kufikiria kelele za njia. Huko nyuma zaidi hapakuwa na kitufe chochote. Sahani alizorekodi Siti binti Saad Bombay mwaka 1928 zilichezwa sana katika gramafoni za kukazwa kwa mkono. Aliyetaka sauti ndogo alisindika kitambaa katika mdomo wa pembe, na aliyetaka kubwa alisogea.

Binadamu hana haja ya waya. Mwaka 1911 tabibu wa masikio wa Paris, Étienne Lombard, alieleza jambo ambalo kila nahodha analijua bila kusoma: mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti yake mwenyewe, bila kukusudia na bila kujua. Kusi ikivuma baharia hapigi ukelele kwa sababu ameamua. Koo lake limeamua. Jambo hilo lilitumiwa hata kuwaumbua waliojifanya viziwi: mtu hupewa karatasi asome kwa sauti, kelele hutiwa masikioni mwake, na kama sauti yake inapanda, basi anasikia. Ndege nao wamo. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa Henrik Brumm kuhusu bulbuli wa Berlin, ndege yule yule aliyewakondesha washairi wa Uajemi. Waliokaa penye kelele za magari waliimba kwa sauti kubwa zaidi kuliko wenzao wa penye utulivu, na asubuhi za siku za kazi waliimba kwa nguvu kuliko asubuhi za mwisho wa wiki, magari yakiwa machache.

Baina ya koo na redio, hata hivyo, kuna tofauti ambayo mtu wa mashairi hawezi kuipita haraka. Koo hupima kelele. Redio ya namna hii hupima mwendo, ikaidhania kelele. Mwendo na kelele hufuatana katika barabara za waliobuni mtambo, ambako vioo hupandishwa na hewa ya baridi hutoka ndani. Unguja hali ni nyingine. Kelele kubwa kuliko zote ilikuwa Darajani, gari limesimama tuli, mapigo ni sifuri, na redio ikaamini kwamba dunia imenyamaza. Ndipo dada aliposema hasikii. Njiani vioo vilikuwa chini na kaskazi iliingia dirisha hili ikatokea lile, kelele kupita ile iliyohesabiwa kiwandani. Wapo watengenezaji waliolitambua kosa hili. Bose, kwa mfano, wana mtambo unaotumia maikrofoni ndani ya gari: huyasikiliza yote, huondoa katika hesabu muziki ambao mashine yenyewe inaucheza, na kinachobaki ndicho kinachoitwa kelele. Hiyo iko karibu zaidi na koo. Lakini nayo haijui lililo muhimu kabisa, kwamba kuna sauti ambazo msemaji hakutaka zisikike mbali.

Tofauti ya pili ni hii. Mtu apazapo sauti katika mvua, hujipandisha yeye na kuiacha mvua ilipo. Sauti yake nayo hubadilika: huwa nyembamba zaidi, vokali hurefuka, koo hukaza. Redio hupandisha yote, msomaji, mvua na jogoo wa jirani. Kwa hiyo ingetazamiwa kwamba mnong’ono uliopandishwa ubaki mnong’ono, mkubwa tu, na sikio halidanganyiki kwa wepesi, kwa kuwa mnong’ono una pumzi nyingi na ukaripio hauna. Mbona basi dereva alidanganyika miaka mitano? Kwa sababu pumzi ndiyo ya kwanza kufunikwa na upepo. Vioo vikiwa chini, katika mwendo wa kilomita 80, kinachofika sikioni ni mfupa wa sauti tu: mahadhi na ukubwa wake. Pumzi, ncha za herufi, kusita kwa mzee kabla ya jina la mwanawe, vyote vilichukuliwa na kaskazi huko kwenye miwa. Na beti 65 za mwanzo huangukia baina ya Mtoni na Mahonda, penye matuta na vituo vya daladala, ambako gari haliwezi kukimbia. Beti tatu za mwisho ndizo zilizopata njia nyeupe. Tena kila safari, kwa sababu kila safari ilianza pale pale na dereva ni yule yule. Kitu kikijirudia namna hiyo mtu hasemi ni gari. Husema ni babake.

Labda kulikuwa na jingine pia. Aliyekosa mazishi hana haja ya waya wala upepo ili asikie anakaripiwa.

Fundi wa redio za magari, kijana asiyezidi miaka 25, hakuona ajabu yoyote. Kijapani hajui, lakini anajua mahali: aliingia kwenye orodha, akashuka mistari minne, akaonesha mstari wenye alama upande wa kulia kabisa. Mwenye gari wa kwanza, popote alipo, alikuwa ameiweka daraja ya juu. “Hii ndiyo inakupandishia, mzee. Nizime?” Dereva alimwambia asubiri kwanza. Kijana alishangaa kidogo, akafuta mikono.

Usiku huo, baada ya watoto kulala, alikwenda kuketi ndani ya gari uani, injini imezimwa, vioo vimepandishwa, ufunguo umegeuzwa nusu. Aliusikiliza utenzi wote tangu bismillahi. Ilikuwa mara ya kwanza kuusikia bila safari. Alimsikia jogoo, ambaye hakuwahi kumjua. Alisikia mvua ikianza juu ya mabati karibu na beti ya ishirini, na babake akiipandia, koo likikaza vilevile kama Lombard alivyoeleza, kisha akitulia mvua ilipopungua. Zilipofika beti za mwisho, mvua ilirudi, kubwa, ikakaribia kumfunika msomaji.

Alimpigia dada simu Mkwajuni, saa hiyo hiyo, akamuuliza kama mvua ilizidi mwishoni. Dada alikataa. Anakumbuka vizuri kwamba ilikuwa imekatika karibu yote, kwa kuwa alikwishaondoa ndoo iliyokinga chini ya bati lililotoboka, akarejea kuketi mkekani asikie beti za nduguye.

Jibu lilikuwa kwa yule yule kijana wa redio, siku ya pili, naye alilitoa akiwa anakunywa chai. Rekoda za kaseti zilizokuwa na maikrofoni yake ndani, zile za kuwekwa juu ya meza, nyingi zilikuwa na utaratibu wa kujirekebishia sauti wenyewe wakati wa kunasa. Msemaji akipaza, rekoda hujibana isije ikakwaruza. Msemaji akishusha, rekoda hufungua masikio yake ipate kumfuata, na kwa kufungua huvuta kila kilichomo chumbani: saa ya ukutani, jogoo, mchirizi wa bati. Kwa hiyo katika kaseti za namna hiyo ukubwa wa sauti si ushahidi mzuri. Msomaji aliyenong’ona na msomaji aliyepaza huweza kutoka karibu sawa. Ushahidi ni kilicho nyuma yake. Mvua ikipanda ghafla ilhali mbinguni haijaongezeka, maana yake ni kwamba mbele yake mtu ameshusha sauti sana.

Dereva aliinuka akaenda garini. Aliirudisha sahani kwenye beti ya 66, gari limesimama kando ya duka la fundi, pikipiki zikipita, akaweka sikio karibu na spika ya mlangoni. Mvua ilipanda katika beti hiyo. Ikapanda zaidi katika iliyofuata. Katika beti ya 68 ilikuwa kama inanyesha ndani ya redio yenyewe, na neno “njoo” lilikuwa humo ndani yake, limezama, pumzi yake imelitangulia.

Alimruhusu kijana azime ule mstari wa kulia. Sahani aliitoa, akaifunga katika leso, na jioni akaiingiza ndani ya nyumba.